Korosho na Bibo Lake

Mama Zuhura, mke wangu,

Sijui kama huko uliko salamu hufika, lakini mtu haanzi maneno na mkewe bila salamu, na wewe hasa ungeninunia. Basi amani iwe juu yako. Mimi mzima, goti ndilo linalolalamika. Mwanao naye mzima, na yeye ndiye aliyenifanya niandike.

Bado nakaa palepale njia panda ya Mingoyo na sindano yangu na vipande vya tairi, nashona ndala za abiria. Ulikuwa ukisema kwamba watu wa mkoa huu nawajua kuanzia kifundo cha mguu kushuka chini, na kwamba siku ya kiyama nitamwomba kila mtu apandishe kanzu ndipo nimtambue. Ni kweli. Ila na wewe riziki yako ilikuwa kwenye miguu hiyohiyo: mimi nikishona kiatu, wewe unaupamba mguu.

Ulipotoka kwenu Umwera, kwenye mikorosho, hina uliijua ya kupaka nyayo na kucha tu. Maua ulijifunzia hapa Mtanda, na daftari lako lilikuwa miguu yangu. Unatwanga majani, unachekecha kwa mtandio mkuukuu, unakoroga kwa ndimu na chai ya rangi iliyokolea, unaiacha ilale. Asubuhi unaniita nilete muundi. Ningekataaje? Ijumaa moja nilikunja suruali nitawadhe, na mzee wa bomba la pili akautazama mguu wangu kwa kituo, kisha akaniuliza, kwa upole kabisa, nimeposwa na nani.

Ndipo ikaja ile korosho. Bibi harusi mmoja alikuonyesha kwenye simu michoro ya Kihindi, yenye kitu kama tone la maji lililopinda ncha. Uliitazama ukafurahi kama mtu aliyemkuta ndugu yake ugenini. "Kumbe hata Wahindi wanachora korosho," ukasema. Halafu ukawasahihisha. Korosho haioti hewani, kwa hiyo juu yake ukachora bibo, tunda linaloibeba. Wachoraji wenzako walicheka mpaka wakashika mbavu, lakini bibi harusi alipenda, wakafuata wengine, na tangu hapo, kila ulipopita Mingoyo mguu wenye korosho na bibo lake, nilijua huo ni mkono wako. Hakuna mwingine aliyekuwa na kosa hilo.

Na masharti yako je? Mteja asiguse maji mpaka kesho. Hina ikikauka apakwe ndimu na sukari, akae miguu juu ya chetezo ifukizwe moshi wa karafuu, na ganda litolewe kwa mafuta ya nazi, si kwa sabuni. Yule binti aliyetaka umtilie dawa ya nywele iwe nyeusi chapuchapu ulimfukuza, kwa kuwa uliwahi kuona ngozi ilivyobabuka. "Mwenye haraka akapake rangi ya viatu," ulimwambia. "Mume wangu anayo."

Siku ulipoondoka, dada yangu alitoka chumbani walikokuosha, akanikalia karibu. Akaniambia hina ya vidoleni mwako haikutoka. Alidhani ananifariji.

Tangu hapo nikawa naangalia miguu kwa namna nyingine. Ile uliyoichora ilikuwa bado inatembea, mke wangu. Ilinijia na ndala zilizokatika, na kila ikirudi korosho imepauka: kwanza rangi ya tofali, kisha ya chungwa, kisha kama doa la chai. Nilimkuta mama mmoja bombani anasugua mguu wake kwa jiwe, nikataka kumshika mkono. Wewe ulikuwa unafutika mbele yangu, mguu kwa mguu, na sikuwa na la kufanya ila kushona. Ndugu zako walipokuja kwenye arobaini kugawana nguo, nikasema chetezo na vyombo vya hina hakiguswi hata kimoja. Nikavifungia sandukuni, ufunguo nikautia mfukoni.

Halafu nyumba ikaanza kunukia.

Si kila siku. Lakini zipo alasiri nilizorudi nikakuta ukumbi umefagiwa, Zuhura yuko uani anafua, na ile karafuu imesimama sebuleni kama mtu aliyeinuka mkekani sasa hivi. Nikalitazama sanduku: kufuli liko vilevile. Nikaanza kukusalimia, kwa sauti ya chini, mtoto asisikie. Usinicheke. Kuogopa sikuogopa, na hilo ndilo linalonitisha nikilikumbuka sasa. Nilikuwa nafunga kazi mapema niwahi nyumbani.

Siku moja akashuka kwenye gari dada mmoja wa kijiji cha Sudi, ndala imekatika, akaweka mguu kwenye kigoda changu. Korosho. Juu yake bibo. Mbichi, rangi imekolea, nyekundu inayokaribia weusi. Sindano ikanichoma nisihisi. Nikamuuliza kachorwa wapi. Akasema Mtanda, jana, kwa mwanamke mmoja mpole asiye na maneno mengi, nyumba yenye mlango wa bluu.

"Kanikataza maji mpaka leo," akasema.

Mlango wa bluu Mtanda ni wetu. Ndala yake nilimshonea vibaya, Mungu anisamehe, nikafunga kazi kabla ya adhuhuri. Njia nzima nilikuwa napanga la kukwambia. Nilitaka kuanza na lawama: unarudi nyumbani kuchorea watu, mimi mumeo unaniachia harufu?

Nilipofika karafuu ilikuwa mlangoni. Nikasukuma. Mkekani ameketi mwanamke amenipa mgongo, kanga imeshuka begani kama inavyokushuka wewe, ameinamia mguu wa mteja.

"Umerudi," nikasema.

Akageuka. Uso ulikuwa wa Zuhura.

"Baba, nisamehe," akasema. "Sanduku lako sijaligusa. Vitu nimenunua vyangu."

Mteja mguu wake uko hewani, hajui atazame wapi. Mimi nikakaa kizingitini kama gunia lililokatwa kamba. Mtoto alidhani nimekasirika. Ningemwelezaje kwamba nimekuona unatoka nyumba hii mara ya pili?

Mteja alipokwisha kwenda, akaniuliza nilidhani ni nani. Nikasema nilidhani mbuzi wa jirani kaingia tena. Hakucheka. Alikuwa anakunja mkeka, akauacha nusu.

"Hata mimi huwa nainusa, Baba. Hata siku ambazo sijachora."

Nikamfungulia sanduku.

Basi mwanao sasa anachora mlango wazi, na mabibi harusi wanamfuata. Korosho yako aliichora muda mrefu, bibo na kila kitu, nami pale Mingoyo nilikuwa nakaa kama mfalme, naiona inapita ikiwa mbichi. Nikadhani ndiyo imekwisha hivyo, hutafutika tena.

Juzi akaniita nitazame mguu kabla hajaufukiza. Nilikuta vitawi vyembamba vinapanda kutoka kidole gumba mpaka kifundoni, vimepishana kama vinaulizana njia. Nikatafuta korosho. Nikainama, nikavaa na miwani. Haikuwapo.

"Hii yangu," akasema, akanitazama usoni kama alivyokuwa akikutazama wewe alipoleta karatasi za mtihani.

Nilisubiri kidogo, pengine na wewe utasema neno. Kisha nikamwambia ni nzuri.

Na ni nzuri kweli, mke wangu. Ni nzuri kuliko ya kwako. Hiyo ndiyo habari niliyokuwa naogopa kukuletea.

Pumzika sasa.

Mumeo,
Baba Zuhura