Sekunde Mbili za Verlyn

Oster, Iowa
Jumapili, 9 Februari 2025

Kaka yangu mpendwa Verlyn,

Nakusalimu kwa mikono miwili, wewe na wifi yangu Karlene. Natumaini goti lako limetulia na jua la huko Arizona bado linawaanika vizuri. Sisi huku tu wazima, ila baridi haina adabu. Theluji imefika kwenye dirisha la jikoni, na shemeji yako Gaylen anashikwa na mgongo kila nikimwonyesha koleo. Zaidi ya hayo hatuna la kulalamika, na hata tungekuwa nalo leo nisingelitaja, maana tumeshinda.

Rudia kusoma mstari huo, kaka. Tumeshinda. Jana, mbele ya ukumbi uliojaa mpaka watu wakakaa ngazini, Chuo cha Oster kimewapiga Bremholm mieleka, ishirini kwa kumi na tisa, na debe la maziwa tunaloshindania nao kila mwaka limerudi nyumbani. Lile lile debe la chuma lenye kutu kitakoni, ambalo Bremholm walilichukua mwaka 1979 na hawakulirudisha tena. Nimeligusa kwa mkono wangu huu ninaoandikia. Ni baridi, ni zito, na linanuka vibaya sana. Nimelibusu.

Najua hupendi habari za ukumbi ule. Miaka yote hii nikikuandikia nimekuletea harusi, misiba na bei ya nguruwe, na mieleka nimeiruka. Leo nakuomba uvumilie mpaka mwisho, kwa sababu kuna jambo nyuma yake ambalo ni lako.

Tulifika saa mbili kabla. Kina mama wa kanisani walikuwa wanauza maharagwe ya pilipili na mikate ya mdalasini, nami nikala sahani mbili kwa hofu. Kisha nikakaa pale ninapokaa siku zote, safu ya kwanza, nyuma kabisa ya meza ya waamuzi, na daftari langu la pointi na saa yangu ndogo ya kupimia. Wewe hujapata kuniona pale. Mimi ni kichekesho cha mji, Verlyn. Katika ukumbi mzima mimi peke yangu ndiye sisimami. Watu wakiruka, mimi nimekaa. Watu wakilia, mimi naandika. Wengine husema nina magoti mabovu kama yako, wengine husema nimepigwa plasta. Gaylen ameshazoea kupewa pole kwa kuoa sanamu.

Mwanzo ulikuwa mbaya. Mapambano matatu ya kwanza tuliyapoteza yote, na la tatu kijana wetu alibanwa mabega chini kabla sijanoa kalamu. Upande wa Bremholm kulikuwa na mama mmoja mnene wa sauti, amekuja na kengele ya ng'ombe, na kila tukianguka anaitikisa na kutupigia kelele kwamba jamani Oster, huo ni mkeka, si godoro, amkeni! Gaylen akashindwa kujizuia. Akamjibu kwa sauti ya mnadani kwamba mama, mrudishie ng'ombe kengele yake, maskini anapotea huko! Hata watu wao walicheka. Mama yule naye akasema ng'ombe ni wewe, na pembe nimeziona. Basi hivyo ndivyo tulivyoendelea, tunatukanana kwa mapenzi, na kidogo kidogo vijana wetu wakaanza kurudisha. Mmoja akashinda kwa pointi moja, mwingine akamzungusha mtu wake mpaka nikamwonea huruma. Yalipokwisha mapambano tisa, wao walikuwa kumi na tisa, sisi kumi na saba, na limebaki la wazito, ambalo ushindi wa kawaida huipa timu pointi tatu.

Hapo nikaacha kuandika, na wewe utajua kwa nini. Ilikuwa vile vile mwaka 1984. Pambano la mwisho, la wazito, na mtu wetu alikuwa wewe. Ulimaliza nne kwa nne, na ukumbi mzima ukageukia saa ya kukalia. Atakayemkalia mwenzake juu kwa dakika nzima zaidi ya alivyokaliwa yeye, huongezwa pointi moja. Saa ikasoma sekunde hamsini na nane. Ikawa sare, na mashindano yote yakawa sare, na sare humwachia debe aliyenalo. Nakumbuka ulivyokaa chini, ukafungua kamba, ukaviweka viatu vyako katikati ya mkeka kama wanavyofanya wanaostaafu, ukatoka na soksi. Ulikuwa na miaka ishirini na mbili na bado ulikuwa na msimu mmoja. Jumatatu yake, mkahawani kwa Dottie, Wendell Kruse muuza chakula cha nguruwe akakuita Sekunde Mbili, na jina likanata. Ulilichekea mpaka majira ya joto, ukapakia gari ukaondoka. Kila aliyekuuliza ulimwambia kwamba kosa ni lako, ulilegeza mkono pale ukingoni mwa mkeka.

Sasa jana. Mtu wetu anaitwa Tate Ruzicka, mtoto wa wafuga batamzinga, mpole hata akikukanyaga anarudi kukuomba radhi. Wa Bremholm ni mlima. Raundi ya kwanza mlima ulimwangusha Tate, pointi tatu, akamkalia sekunde kumi, ndipo Tate akachomoka akapata moja. Raundi ya pili walianza wima wakasukumana tu kama madume langoni. Kengele ile ilikuwa inalia bila kupumua. Raundi ya tatu, imebaki dakika moja na sekunde ishirini na nane, mlima ukanyoosha mguu wa kulia mbele kidogo zaidi ya haja. Tate akaingia chini, akaunyanyua ule mguu juu kama ndoo, akamlaza chini. Tatu! Nne kwa tatu, sisi mbele, na Tate yuko juu!

Ukumbi ukapasuka. Na Daktari Orrin Haugen, mng'oa meno wetu, aliyekaa mezani kushika swichi ya saa ya kukalia, akaruka na mikono yote miwili juu akipiga kelele kama mtoto.

Mikono yote miwili, kaka.

Mimi sikuwa natazama mkeka. Mimi natazama mkono wa mtu wa swichi, kila pambano, miaka arobaini na moja. Saa ilikuwa haitembei. Nikamchoma mbavuni kwa kalamu ya risasi, nikamfokea kwamba Orrin, saa! Bonyeza saa, mtu wee! Akaanguka juu ya swichi. Zilikuwa zimeliwa kama sekunde mbili. Baadaye aliniambia kwa uchungu kwamba mama, umenitoboa, nami nikamwambia heri utoboke wewe kuliko debe.

Tate akakaa juu ya mlima ule. Sijui alikaaje. Uso wake ulikuwa mwekundu kama nyanya na mdomo wake unaomba Mungu. Zikiwa zimebaki sekunde kumi na nne, mlima ukachomoka, nne kwa nne. Wakasukumana mpaka filimbi. Halafu watu wote, wao na sisi, tukageuka kutazama ile saa, kama mwaka ule. Ilisoma dakika moja na sekunde moja.

Mwamuzi akanyanyua kidole kimoja, halafu mkono wa Tate. Verlyn, nilisimama. Daftari lilianguka, saa yangu ilianguka, nikawa juu ya kiti na mikono juu, nalia kwa sauti. Gaylen aliacha kushangilia akawa ananitazama mimi. Mama wa kengele akavuka ukumbi mzima, akanikabidhi kengele yake, akasema haya chukua, mwaka mmoja tu, halafu naifuata pamoja na debe. Iko mezani hapa ninapoandika.

Utajiuliza nilijuaje kwamba mtu wa swichi ataruka. Sasa nakuambia, na ningeomba ukae chini kama umesimama.

Mwaka ule aliyekaa mezani na swichi nilikuwa mimi. Hilo unalijua, na ulilifurahia, dada yako kuwa karibu. Usilolijua ni hili. Raundi ya mwisho, ulipomgeuza yule jamaa ukawa juu yake, niliruka. Niliinua mikono yote miwili nikalia jina lako. Nilipoketi, ndipo nikakumbuka swichi. Zilikuwa zimepita sekunde nne, labda tano. Hukulegeza mkono, kaka. Hukulegeza popote. Ulimkalia dakika nzima na zaidi, ulishinda, debe lilikuwa letu, na aliyelipoteza ni mimi, kwa sababu nilikupenda kwa kelele wakati kazi yangu ilikuwa kukupenda kimya.

Nilitaka kusema pale pale. Mwamuzi alikuwa hatua tatu kutoka kwangu. Nikaogopa ukumbi mzima, nikasema nitasema kesho. Kesho ukawa umeshajilaumu mwenyewe, na kila ulivyojilaumu ndivyo mdomo wangu ulivyozidi kuwa mzito. Nikakuacha ubebe jina langu hadi Arizona. Nimekaa miaka yote hii nimeshika saa, nikidhani nikikaa kimya vya kutosha nitakuwa nimelipa. Hakuna kilicholipwa. Naona aibu, Verlyn, na ninakuomba msamaha, nikijua kwamba unaweza kunikatalia na bado ukawa na haki.

Sikutaka uwe wa kwanza kusikia kisha uniulize kama nimewaambia wengine. Kwa hiyo jana, debe lilipofikishwa kwa Dottie na kuwekwa juu ya kaunta, nilisimama nikawaambia wote, jinsi nilivyokuandikia hapa. Wendell Kruse, ambaye sasa ana miaka themanini na mbili, akavua kofia, akasema kwa hiyo miaka arobaini na moja tumemwita mtu jina lisilo lake. Nikasema ndiyo, Wendell, jina ni langu. Akavaa kofia, akanisukumia kikombe, akasema basi kahawa yako hiyo. Wakacheka mpaka wakalia, na mimi nikacheka nao. Kisha Wendell akauliza anwani yako, maana naye ana barua ya kuandika.

Viatu vyako ninavyo. Niliviokota usiku ule kabla ya mfagiaji, viko kwenye sanduku la mwerezi la mama. Kocha anasema mwaka ujao, Bremholm wakija, mtu wa 1984 anapaswa kuingia na debe begani kabla ya pambano la kwanza. Nilimwambia una goti bovu. Akasema tutakubebea debe, wewe ubebe viatu tu.

Nisalimie Karlene sana, mwambie mapishi yake ya pai ya limau nimeyaharibu tena. Gaylen anakusalimu, na mgongo wake unakusalimu pia. Usinijibu upesi kama bado una hasira. Kasirika kwanza, halafu andika.

Ni mimi dada yako akupendaye,

Marlys
(huku sasa wananiita Sekunde Mbili)