Jogoo wa Bati

Jumatatu, 6 Oktoba 2003

Imogen, mtunza nyaraka wa chuo kikuu, amefika na masanduku matupu na glovu nyeupe. Glovu! Barua za Arnold zimekaa bandani na mbolea ya liki, vile vitunguu vyake vya majani, miaka yote hii, leo zinashikwa kama keki ya harusi.

Arnold alikaa kwenye kiti chake akatoa hotuba. Chukua zote, binti, usiache hata moja, historia ione kila kitu. Mimi nikamimina chai. Mume wangu alikuwa mbunge wa chama cha Leba tangu tuna nywele nyeusi, kisha wakampa kiti katika Baraza la Mabwana, na mpaka leo hajui kopo la sukari linakaa wapi. Historia ione na hilo.

Jumamosi ya wiki ijayo klabu ya chama inafungua ukumbi wenye jina lake. Kibao cha shaba kiko tayari. Chini ya jina wamechonga ule msemo aliompiga nao Sir Hugh Wetherall, mbunge wa Wahafidhina wa jimbo la jirani: “Jogoo wa bati juu ya mnara wa kanisa: hugeuka kwa kila upepo, na hajawahi kuwika.” Hapa Hebblethorpe watoto wanaujua kabla ya kujua kuhesabu. Ndio uliomfanya Arnold kuwa Arnold.

Wetherall alifariki mwezi wa nne. Arnold hakwenda mazikoni. Alishinda bustanini kwenye mvua, akasema macho yanamwasha kwa sababu ya mafua.

Jumatano, 8 Oktoba

Imogen anasoma barua za wananchi na kucheka peke yake. Mabomba, mbwa wa jirani, na yule bwana wa wino wa kijani aliyeamini manispaa inamsikiliza kupitia birika. Arnold alimjibu kila mara, kwa heshima zote. Kura ni kura.

Baada ya chakula akanifuata jikoni. “Enid, mpenzi.” Nikaacha sahani. Akiniita mpenzi, kuna kitu anataka.

Kumbe kuna kopo la biskuti bandani, nyuma ya vyungu vya maua. Nilichome, tena kabla Imogen hajalifikia.

“Lina nini?”

“Risiti tu za zamani.”

“Si historia ione kila kitu?”

“Historia ina mengi ya kusoma, bibie. Tusiichoshe.”

Kwa nini asichome mwenyewe? Magoti. Magoti hayo hayo anayopiga kwenye liki kutwa.

Alhamisi, 9 Oktoba

Mtu akikwambia choma bila kufungua, amekwambia fungua. Nimefungua.

Hakuna risiti. Ni barua za Hugh Wetherall, miaka na miaka, na nakala za majibu ya Arnold, maana huyu mtu hajawahi kutupa karatasi yenye jina lake. “Hugh, mzee wangu.” “Arnold, jambazi wee.” Nimekaa juu ya gunia la mbolea nikasoma mpaka mwanga ukaniishia.

Walikuwa wenzi wa kura! Kila mtu wa Bunge anajua desturi hiyo: mmoja wa huku na mmoja wa kule wanaahidiana wasiingie kupiga kura siku fulani, kura zao zinafutana, kila mmoja anakwenda zake. Arnold alisimama kwenye majukwaa akaapa hataahidiana na Mhafidhina hata akifa. Ndiyo maana, aliniambia, hawezi kurudi nyumbani katikati ya wiki. Msimamo, Enid. Na mimi nikawaambia watoto: baba yenu ana msimamo.

Baba yao alikuwa anavua samaki kwenye mto wa Hugh Wetherall. Wale samaki wazuri aliokuwa akiniletea Ijumaa kutoka “sokoni London”! Nimewakaanga kwa siagi kwa mikono yangu.

Na jogoo je? Nanukuu barua ya Hugh: “Shambulio lako la Jumanne ni bovu, halimuumi hata nzi. Nimekutungia jingine. Niite jogoo wa bati.” Na msemo mzima upo hapo, neno kwa neno, kwa mkono wa jogoo mwenyewe. Arnold akajibu: “Asante. Nami nitakutafutia kitu kibaya kuhusu mimi kabla ya uchaguzi.”

Nilicheka. Naandika ukweli, nilicheka hadi nikashika ubavu.

Kisha nikafika mwaka themanini na nne, mgomo wa wachimba makaa ya mawe dhidi ya serikali ya Wahafidhina. Arnold kwa Hugh: “Itabidi tugombane kwa nguvu zaidi mpaka haya yaishe, watu wangu wana hasira. Nimemwambia Enid asionekane na Nancy. Mambo ya muda tu. Liki zako mwaka huu ni aibu.”

Nancy. Mke wa Hugh. Tulikaa dawati moja shuleni, tukaimba alto bega kwa bega kwenye kwaya ya kanisa, kabla hatujaolewa na baada. Arnold aliniambia mke wake hawezi kuimba karibu na mke wa yule mtu wakati watoto wa wachimba makaa wanalala na njaa. Nikaona ana haki. Nikaacha kwaya. Nancy akija upande wangu wa barabara, nilivuka.

Mgomo uliisha mwaka uliofuata. Wao wawili wakarudi mtoni. Kunijulisha mimi alisahau.

Ijumaa, 10 Oktoba

Nimempikia uji bila chumvi. Ameumaliza. Hakuona tofauti.

Jumatatu, 13 Oktoba

Nilimuuliza Imogen kwa ujanja: mtu akichoma barua, historia inapoteza? Akasema inategemea, mara nyingi aliyeandikiwa anazo. Mfano mzuri, akasema, ni Lady Wetherall, yaani Nancy, ameleta chuoni masanduku ya barua za marehemu mumewe mwezi wa sita, hakubakiza kitu. Bado hayajafunguliwa.

Kwa hiyo barua za Arnold zenyewe ziko chuoni tayari, na Arnold anaogopa kopo la biskuti. Wazee wa kiume bwana.

Nikampa Imogen kopo. Nikamwambia alifungue akifika chuoni, asianzie hapa. Kisha nikaenda kwenye pipa la kuchomea takataka bustanini, nikachoma katalogi za mbegu. Moshi mzito, wa kuridhisha. Arnold alikuwa dirishani akanipungia mkono. Alipokuja kula alikuwa mpole kama siku ya posa.

“Umefanya vyema, mpenzi. Mengine ni ya watu wawili tu.”

“Ndiyo,” nikasema. “Watu wawili.”

Sijamwambia kitu. Hasira ninayo, nyingi kuliko nilivyodhani mwili huu unaweza kubeba. Lakini nikimfokea ataanza kujibu, na akianza kujibu ni hotuba.

Jumanne, 14 Oktoba

Arnold alikwenda kwa kinyozi. Nikapiga simu. Namba ya Nancy bado naijua kichwani.

“Nancy, ni Enid.”

Nikasikia redio yake ikizimwa. Nikafikiri amekata.

“Enid yupi?” Anajua vizuri Enid yupi. Nilistahili.

Nikamwambia nimeyajua wiki iliyopita tu, mambo ya mtoni, yote.

“Wewe! Mimi nilidhani unajua. Arnold alikuwa anakula mezani kwangu, Enid. Nikimuuliza habari zako anasema una shughuli. Nikasema basi, wanaume wamepatana, mwenzangu ndiye aliyenikataa mwenyewe.”

Nililia. Yeye pia, ingawa alisingizia paka. Nikamuuliza kama bado anaimba. Akasema aliendelea msimu mmoja akaacha, alto ya kusimama peke yake ni kelele tu.

“Jumamosi njoo,” nikamwambia. “Ukumbini.”

“Kwenye klabu yenu? Watanitupia mayai.”

“Utakaa na mimi. Mayai yatupate wote.”

Jumamosi, 18 Oktoba

Naandika humu ukumbini, shajara nimeilaza juu ya mkoba. Mwenyekiti anaongea bado. Watu wanadhani naandika maneno yake. Sandwichi za nyama ya nguruwe zinakauka huku tunaziona.

Kiti cha kulia kwangu nimekiwekea koti. Wawili wameshakiomba. Nimewaambia kina mtu.

Arnold yuko jukwaani, kavaa tai nyekundu. Hotuba yake nimeipiga taipu mwenyewe, kama zote. Ukurasa wa tatu anamrudia marehemu: jogoo ameshuka mnarani, upepo umebaki bila kazi. Watu watapiga makofi hadi paa litikisike. Jana nilimuuliza, lazima? Akasema watu wanautarajia ule msemo, bibie, wamechonga hadi kibao. Kisha akatazama pembeni. Sijui kama ni mafua tena.

Sasa mlango. Nancy. Fimbo, koti la buluu, amekuwa mdogo. Safu za nyuma zimegeuka, minong'ono inasogea mbele. Amesimama kwanza mbele ya kibao, amevaa miwani, amesoma taratibu.

Nimetoa koti. Ameketi. Mkono wake baridi.

“‘Bati’ ni neno langu,” ameninong'oneza. “Hugh alitaka kusema dhahabu. Nikamwambia usijipendelee.”

Nimeziba mdomo kwa leso.

“Ameshaanza kumtukana?”

“Bado. Ukurasa wa tatu.”

Arnold amesimama. Ukurasa wa kwanza kausoma bila kutuona, bila miwani ya mbali hamuoni mtu. Makofi. Wa pili. Makofi. Kabadilisha miwani ili aone wanaopiga makofi. Ametuona.

Hajawahi kunitazama hivi tangu siku ya ndoa yetu kanisani. Ameushika ukurasa wa tatu. Mwenyekiti amemsogezea glasi ya maji. Mtu huko nyuma amepiga kelele, “Jogoo, Mheshimiwa! Tupe jogoo!” na ukumbi mzima umeanza kugonga miguu.

Nancy amefungua mkoba wake, anakula peremende, ananipa moja. Arnold ananiangalia mimi. Si Nancy, mimi. Kama anayeuliza: nisome? Naye anajua kwamba nikitikisa kichwa, itabidi aseme kitu ambacho mimi sikukipiga taipu.