Neno Ambalo Baba Yako Hakukutamkia

Barabara ya Hessle,
Hull.
9 Novemba 1987

Mpendwa mwanangu Beryl,

Pokea salamu za baba yako mdogo. U mzima? Mumeo Ray na watoto hawajambo? Huku baridi imeingia hadi kwenye buli la chai, na goti langu linatabiri mvua kuliko redio. Mimi ni yule yule, mzuri wa sura, ingawa wajane wa mtaani wanajifanya hawaoni.

Baba yako ndiye hali yake si nzuri. Kifua kimemshika. Daktari anasema akiiona Krismasi tushukuru. Sikufichi.

Barua yako ilinichoma pale uliposema huwezi kuja kumuuguza mtu ambaye, siku ulipohamia Nyuzilandi, hakukuambia hata gudbai. Alikupa mgongo akawa anachochea moto. Miaka ishirini na mmoja umelibeba hilo. Utue mzigo kidogo, mwanangu, unisikilize.

Wavuvi wa hapa hatusemi neno hilo, tunaamini anayeambiwa harudi. Siku meli inapotoka, mke hafui nguo, maji yasije yakamchukua mumewe. Wala haji gatini kupunga mkono. Hayo umekulia. Ya kaka yetu Enoch hukuambiwa. Alipokwenda safari yake ya kwanza, baba yako, mtoto wa miaka saba, alimkimbilia hadi kona akipiga kelele, "Gudbai, Enoch! Gudbai!" Meli ile haikuonekana tena. Hakuna aliyemlaumu mtoto. Alijilaumu mwenyewe, na tangu hapo neno hilo halijamtoka mdomoni.

Siku ile uliona mgongo wake. Mimi nilikuwa upande wa pili wa jiko, niliuona uso. Machozi yalikuwa yanamtoka kama mvua.

Basi juzi nikaenda maktaba. Usicheke! Niliacha shule nina miaka kumi na minne, lakini nimewapikia mabaharia hadi Aislandi, kitabu kitanishinda? Mkutubi, Bi Ogley, akanifungulia kamusi. Kumbe zamani watu wakiagana walisema, "God be with ye", yaani "Mungu awe nawe." Ulimi ukaharakisha, ukameza kipande leo na kipande kesho, watu wakalifananisha na "gud dei", siku njema, mwishowe likabaki gudbai. Lilikuwa dua tangu mwanzo. Sasa namfundisha kila mtu kule baa, atake asitake.

Nikachechemea hadi kwa baba yako kumwambia.

"Muongo we," akasema. "Tangu tumboni."

"Imeandikwa, Cliff! Kamusi nene kama tofali!"

"Kwa hiyo mimi nilimwombea Enoch?"

"Ulimwombea, kaka. Dua tupu."

Akakoroga chai yake mpaka ikapoa. Halafu akasema, "Mwandikie Beryl. Mwambie Mungu awe naye. Lakini lile neno lenyewe silisemi, hata kama ni dua. Bado nataka arudi nyumbani."

Hayo ni maneno yake. Sikutia chumvi, na unajua hilo linavyonitesa.

Shangazi yako Nora anakusalimu. Ameshatandika kitanda cha chumba cha juu bila kumuuliza mtu. Nisalimie Ray, na umbusu mwanenu mdogo Colin. Aliye juu akulinde majini na nchi kavu, akulete upesi.

Ni mimi nikupendaye, leo na hata ukikasirika,
Baba yako mdogo,
Wilf