Dole Langu Katika Kitabu cha Wageni

Jumatatu, 1 Agosti 1994

Upepo tangu alfajiri. Vumbi mpaka kwenye chai. Nimefungua stoo ya halmashauri, nimehesabu majembe, mafagio, makopo ya rangi. Yote yapo. Saa nne tarishi kaleta barua: mkaguzi wa nje anakuja Jumanne ya wiki ijayo. Nikakaa juu ya mfuko wa saruji.

Waliotangulia walishinda kwa mhasibu, wakala kuku, wakapiga tiki zao za kijani, wakaondoka. Huyu, wanasema, huenda vijijini mwenyewe.

Jumanne, 2 Agosti

Niandike, maana sina wa kumwambia. Mwezi Machi nilitia sahihi kwamba nimepokea mabati mia na ishirini ya zahanati ya kijiji cha Chinyambwa. Sikuona hata moja. Mhandisi wetu alikuja na hati mkononi: lori limepitiliza moja kwa moja kijijini, tia sahihi mama, mwenye kampuni ya mabati anasubiri hundi yake. Wiki ile orodha ya wafanyakazi wa kupunguzwa ilikuwa mezani kwake. Mume wangu alikuwa ameshapunguzwa kiwandani. Watoto watatu. Nikatia.

Zahanati haina paa mpaka leo. Mwoga mimi, na mjinga.

Ijumaa, 5 Agosti

Mhandisi kaniita ofisini, kafunga mlango. Mezani vitabu viwili. Kimoja ni kitabu cha wageni cha Chinyambwa, alichokiagiza eti mkaguzi anakihitaji. Cha pili kipya, cha dukani, bado kinanuka gundi.

Aprili aliandika taarifa kwamba alikwenda Chinyambwa, akaona mabati yakishushwa. Hakwenda. Sasa huku kwetu huingii ofisi yoyote bila kuandika jina, tarehe, ulikotoka na shida yako. Kijijini hata aliyepita kuulizia ng'ombe aliyepotea anaandikishwa. Jina la Mhandisi halimo, na katikati ya mistari hakuna pa kulipenyeza. Kwa hiyo anataka ninakili kitabu kizima upya, nimtie yeye na dereva wa lori. Eti nina mwandiko mzuri. Alicheka.

Nikauliza, na mabati yasipoonekana? Itasemwa wanakijiji wameyaiba. Ataulizwa mwenyekiti wao, Mzee Chibago.

Namjua. Juni alikuja stooni, akavua kofia, akauliza mabati lini. Nikamwambia yanakuja. Akanishukuru! Jamani.

Jumamosi, 6 Agosti

Nimejifungia stooni tangu asubuhi. Kalamu nne, bluu na nyeusi. Majina mengine nimeandika kwa mkono wa kushoto. Mhandisi nimemtia Aprili. Kazi safi, najichukia.

Kisha nikafika penye wasiojua kusoma. Wameweka dole gumba. Wazee saba, ukurasa mmoja. Nikachovya langu kwenye wino wa muhuri. La kwanza, mimi. La pili, mimi. La tatu nikaweka la kushoto. Yarabi, nikavua kiatu nijaribu la mguu.

Nikajiona. Mama mzima, mguu mmoja juu ya meza ya serikali. Nikacheka, halafu nikalia, halafu nikamalizia kwa la mkono. Polisi wanasoma dole kama sisi tunavyosoma gazeti.

Jumapili, 7 Agosti

Mhandisi kapita nyumbani kuchukua kitabu kipya. Kauliza kama cha zamani nimekichoma. Nimesema ndiyo. Uongo, kiko chini ya debe la unga. Sijui kwa nini sikuchoma. Wino hautoki kwenye kucha. Nimesugua kwa majivu, kwa jiwe.

Jumanne, 9 Agosti

Mkaguzi kaja. Mzee mwembamba, raba miguuni, mkoba umechakaa. Nikamwamkia shikamoo. Soda kakataa. Kaomba kitabu cha wageni kwanza, kabla ya leja. Alipofika kwenye ule ukurasa akakaa nao. Akatoa kioo cha kukuzia maandishi. Nikaficha dole langu ndani ya ngumi.

Saa nane nimekifunga kitabu cha zamani kwenye khanga, nimempelekea. Nilisema yote nikiwa wima. Hakunipa pole. Aliuliza tu kama niko tayari kuyaandika. Nikaandika. Mwandiko wangu mzuri ulionekana kama kuku kapita.

Kesho anakwenda Chinyambwa kuangalia paa.

Alhamisi, 11 Agosti

Mhandisi amesimamishwa. Mimi pia, nusu mshahara, mpaka kamati ya nidhamu ikae. Polisi huenda wakaniita. Kila gari likipunguza mwendo nje, nachungulia dirishani. Mume wangu hanisemeshi. Shoga yangu wa masjala alipita kisimani, akajifanya hakuniona. Naogopa jela. Sina neno zuri zaidi la kuandika.

Jumamosi, 27 Agosti

Nimetoka Chinyambwa. Mkaguzi alitaka taarifa isomwe mbele ya mkutano wa kijiji, na kila aliyetia sahihi awepo. Mhandisi hakutokea. Nilikwenda kwa baiskeli ya kukodi. Njiani niligeuza mara mbili.

Yule mwenye kampuni amelazimishwa kuleta mabati. Yalishushwa sisi tukiwa pale, wanakijiji wawili wakihesabu kwa sauti, bati moja moja. Kuanzia sasa wahesabu wao kwanza, ndipo stoo itie sahihi.

Kisha jina langu likasomwa. Nikasimama. Nilidhani watanizomea. Akanyanyuka mama mmoja, mtoto mgongoni. Akasema huyu alizaliwa mle ndani ya zahanati Mei, mvua za mwisho zikiwanyeshea wote wawili. Akaniuliza, siku ile natia sahihi, nilikuwa nimeshafika hapa kwao hata mara moja?

Nikasema hapana.

Akatikisa kichwa, akakaa.

Kurudi nimetumia saa moja na robo. Barabara nzuri, tambarare. Miaka tisa nimekaa stooni, sikuwahi kujua kwamba ni karibu hivi.