Tanga Letu Kwenye Vitunguu

Baba Zamzam,

Ugali wako nimeufunika kwa sahani. Ni ule unga wa njano, wa yanga, usianze kununa. Mafuta ya taa yamekwisha. Duka la kaya wanatoa mgao leo, wahi foleni.

Wiki nzima unaniambia tanga la mashua yetu liko kwa fundi, Feri. Asubuhi nimeenda sokoni Kariakoo kununua vitunguu, nikalikuta limetundikwa juu ya meza ya muuzaji, linamkinga jua. Nimelijua kwa kile kiraka cha kaki nilichokata kwenye suruali yako. Yule mama akaniambia, “Mwenyewe kaniuzia, shoga. Anasema wamehamia mjini moja kwa moja.”

Wamehamia nani na nani? Miaka tisa tumeishi kwenye mashua ile, leo kisiwa cha Koma, kesho cha Kwale, na Zamzam nilimzaa chini ya tanga hilohilo. Uliponileta kwenye chumba hiki cha Mchafukoge ulisema tunapisha masika tu. Ungeniambia umeichoka bahari, ningelia, lakini ningekusikiliza.

Ndoo ya Mama Celina iko uani, mrudishie.

Nimechukua watoto, sufuria kubwa na sindano ya tanga. Usukani wa mashua nitashika mwenyewe. ~~Tutarudi Ijumaa.~~ Nimefuta. Ukitutaka, tuko Kwale.

Tanga nimelipata kwa kubadilishana. Usihangaike kutafuta shuka za kitanda chetu, hata ile ya harusi. Ziko sokoni, zinakinga vitunguu jua.

Mama Zamzam