Majivu ya Kilio

Ipyana, 9 Juni 2024

Mwanangu Tulinagwe,

Ugonile. Natangaza kwa masikitiko kwamba fukusi arobaini na mmoja wamefariki dunia hapa nyumbani, jana saa nne asubuhi. Rambirambi hazipokelewi. Mimi mzima, mguu pia. Wewe na wajukuu hamjambo huko Mbeya?

Sababu ya vifo ni majivu. Nimeyachekecha, nikayachanganya na mahindi ya mama yako, lile gunia moja lililobaki. Majivu yanamkwaruza mdudu ngozi, maji yanamtoka, anakauka. Nilikaa kumtazama mmoja hadi mwisho. Sikuwa na kazi nyingine. Shangazi yako Marta kagomba, maana niliyachota pale walipopikia wageni wa kilio cha mama yako. "Majivu ya kilio hayarudi ndani, kaka." Nikamwambia fukusi hawana habari hiyo.

Baba yako


Mbeya, 30 Juni

Baba, shikamoo,

Sisi wazima. Dickson, kondakta anayetuletea barua, anasema umekonda. Hayo mahindi kula au gawa, funga nyumba, uje ukae kwetu. Chumba kipo. Na simu uiwashe basi.

Binti yako, Tulinagwe


Ipyana, 18 Agosti

Marahaba mwanangu,

Dickson alinikuta nimeinama. Simu niliizima siku ya mazishi; kila aliyepiga alisema pole.

Kuja siwezi. Gunia linataka kukaguliwa kila Jumamosi. Kwa unyevu huu wetu majivu yananywa maji, na fukusi wanaanza kutembea tena kama wenye nyumba. Nimeanika, nimepepeta, nimepaka upya. Na kula siwezi. Ni jasho la mama yako la mwisho. Yakiisha hayo, imebaki sare yake ya kwaya, na Marta ameshaiomba.

Baba yako


Mbeya, 6 Oktoba

Baba, shikamoo,

Nimetafuta namna ya kulisema hili, sijaipata. Mahindi aliyolima mama yaliliwa na wadudu tangu Machi. Aliniambia mwenyewe. Hayo unayoyalinda yalinunuliwa sokoni Bondeni. Hakuna kinachokuzuia, baba. Njoo.

Binti yako, Tulinagwe


Ipyana, 24 Novemba

Marahaba mwanangu,

Huku mvua zimeanza, mguu unauma kidogo. Wasalimie watoto. Chumba mpe mpangaji.

Habari ya Bondeni naijua. Gunia nililibeba mimi.

Baba yako