Choo Kipo, Ila Siingii

Jumatano, jioni, katikati ya masika. Mvua imekatika lakini ukungu umekaa palepale juu ya migomba, na baridi imeingia mpaka kwenye karatasi hii. Naandikia jikoni, karibu na moto. Leo sina hamu ya kuongea na mtu, na watu nao hawana hamu ya kuongea na mimi.

Sijui kama nimefanya vizuri.

Nianze na Raheli, maana yote yametoka kwake. Raheli alikuwa mke wa shemeji yangu, mdogo wa mume wangu. Tuliolewa boma moja, tukachota maji mfereji mmoja, tukaleleana watoto. Kipindupindu kilimchukua wiki iliyopita. Kilimwanza alfajiri, tukambeba kwa machela hadi kwenye darasa la shule lililogeuzwa wodi, na jua lilikuwa halijatua alipokata roho. Watu wa afya wakamzika kwa chokaa. Hatukumwosha. Matanga yamekatazwa, kwa hiyo hatukukaa. Kila mtu alirudi kwake na kilio chake tumboni, na changu bado kipo.

Redio inasema gonjwa hili linazunguka dunia nzima. Huku kwetu lilipanda mlima kwa miguu, kama sisi tunavyopanda.

Lilipofika pwani, viongozi walikuja wakatupa ahadi: tutapata zahanati, tutapata maji ya bomba, na sisi kwa upande wetu kila nyumba ichimbe choo. Sitaki kuwa mtu wa kulaumu tu. Dawa ya kutia kwenye maji ililetwa, ingawa iliisha mapema. Kuta za zahanati zimesimama. Mawe tuliyabeba wenyewe kwa msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, wanaume kwa wanawake, na mbao zimeshuka kutoka msituni Shume. Kinachosubiriwa ni mabati. Mabomba nayo yalifika, yamerundikwa nyuma ya ofisi ya kijiji mpaka majani yameota katikati yake. Mafundi wanasubiri amri, na amri ilikuwa hii: kijiji kitakachomaliza vyoo ndicho kitakachoanza kuvutiwa maji.

Tukamaliza. Baba mkwe wangu, ambaye ni mjumbe wa nyumba kumi, alikuwa wa kwanza kuchimba. Choo chake kina mlango wa mabanzi na kopo la majivu pembeni, ukikiona utasema ni stoo ya mahindi.

Lakini amri ilisema choo kimoja kila nyumba. Na kwetu nyumba ni baba, wanawe, na wake wa wanawe.

Mtu wa hapa hahitaji kuelezwa. Mimi na baba mkwe hatupeani mkono. Tukikutana njiani napisha, naye anapisha. Jina lake silitaji, na kigoda alichokalia sikikalii. Basi atoke yeye chooni, niingie mimi? Afadhali mvua ininyeshee. Raheli alikuwa hivyohivyo, na wake za watu kijiji kizima wako hivyohivyo. Kabla hakujapambazuka tunapanda kichakani kule juu, walikopanda mama zetu. Chini ya kichaka hicho ndipo unapopita mfereji tunaokunywa.

Hakuna aliyedanganya. Aliyeamuru hakuuliza, na aliyechimba alitii.

Mimi ndiye mhudumu wa afya wa kijiji. Nilipelekwa Lushoto mjini kwenye mafunzo, nikafundishwa jinsi uchafu unavyoingia kwenye maji. Tangu Raheli azikwe, kila mvua ikinyesha nautazama ule mteremko na naona maji mekundu yakishuka kutoka kichakani. Jana nilimkuta binti yake mdogo amepiga magoti mferejini, anakunywa kwa kiganja. Nilimpiga. Kisha nikamkumbatia, tukalia wote wawili, yeye kwa kofi na mimi kwa mama yake.

Leo bwana afya wa wilaya alikuja kuthibitisha kama vyoo vimekwisha. Asubuhi mwenyekiti wa kijiji alinipitia nyumbani.

"Mama Neema, leo neno ni moja tu," aliniambia. "Atakuuliza vyoo vimekamilika, nawe utasema vimekamilika. Mabomba yale pale."

"Nimesikia, mzee," nilimjibu.

Si mtu mbaya. Mama yake ni mzee sana na bado anabeba ndoo.

Mkutano ulifanyika kiwanja cha shule, kila mtu amesimama mbali na mwenzake kama tulivyoagizwa. Bwana afya ni kijana mpole, mtu wa kule ziwani. Alisifu vyoo alivyopita kuviona, kisha akanigeukia.

"Ndugu mhudumu, vyoo vimekamilika?"

"Vimechimbwa vyote, ndugu," nilisema.

Nilitaka kuishia hapo. Naapa nilitaka. Lakini yule mtoto wa Raheli alikuwa mgongoni kwa bibi yake, ananitazama, na mdomo wangu ukaendelea wenyewe.

"Kwetu choo kipo, ila mimi siingii. Hata marehemu Raheli hakuwahi kuingia."

Baba mkwe alikuwa mstari wa mbele, kofia mkononi. Sikumtazama, maana siwezi kumtazama. Kukitaja choo chake mbele ya kijiji kizima ni kama kumvua nguo, na mvuaji ni mkwe wake.

"Kwa nini huingii?" aliuliza bwana afya.

Aliyenijibia ni bibi mmoja wa nyuma kabisa.

"Mwanangu, kwani huko kwenu mkwe na baba mkwe wanaoga pamoja?"

Yule kijana aliinamisha kichwa. "Hapana, bibi. Hata kwetu hapana."

Kisha akasema taratibu kwamba hawezi kuandika tumekamilisha. Mafundi wataanza na kijiji cha bondeni. Sisi tutafuata tukishachimba vya akina mama. Lini? Akasema atatuombea kwa wakubwa wake wilayani.

Mwenyekiti alivaa kofia yake akaondoka bila kuaga. Njiani wanawake walinipita, walewale tunaopanda nao kichakani. Mmoja wao ndiye aliyefungua mdomo.

"Umetunyima maji, Mama Neema."

Ni kweli, nimewanyima.

Nilipofika nyumbani niliingia moja kwa moja jikoni nikajifungia. Niliogopa. Nikasikia baba mkwe akifika, lakini hakuingia ndani. Alichukua jembe na sururu akaenda nyuma ya migomba, na punde nikasikia mdundo wa kuchimba. Ni mzee, na kifua chake hakipendi baridi hii.

Baadaye mama mkwe aligonga, akaingia, akaketi kwenye kigoda chake na kuuangalia moto.

"Amesema kile cha zamani ni chenu, wewe na watoto," alisema. "Yeye hatakikanyaga tena. Anachimba chake."

"Amekasirika, mama?"

Alichokonoa moto kwa muda mrefu.

"Amesema angechimba viwili tangu mwanzo, Raheli angekuwepo." Halafu akaongeza, "Usionyeshe kama nimekwambia."

Ndipo nilipolia vizuri, kama mtu aliye matangani. Naye mama mkwe akalia na mimi. Nadhani hayo ndiyo matanga ya Raheli tuliyoyapata.

Sasa hivi redio iko upande wa pili wa ukuta, inasoma taarifa ya habari. Inasema utekelezaji wa kampeni ya vyoo unaendelea vizuri mikoani. Huenda unaendelea vizuri kweli. Mimi nakijua choo kimoja, na hiki cha pili ninachokisikia.

Giza linaingia na baba mkwe hajaacha kuchimba. Siwezi kwenda kumsaidia; mkwe hasimami kwenye shimo na baba mkwe wake, wala hampokei jembe. Lakini kesho, akishaenda shambani, nitachukua karai niusombe udongo wote alioutoa. Atakaporudi atakuta pamesafishwa, na hatauliza ni nani.